Nataka kuongeza paneli 2 za wati 330 kwenye sola yangu ya wati 300. Naunga vipi?

MwangaWaJioni
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kabla sijapandisha kitu juu ya paa.

Sola yangu ina miaka minne sasa. Paneli mbili za wati 150 zimeungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), kontrola inayosimamia chaji ya betri ni ya PWM ampea 20, betri moja ya gel volti 12, 200Ah (ampea-saa, yaani ukubwa wake), na inveta ya wati 1000. Tulipokuwa na taa, televisheni na simu tu, hatukuwahi kulalamika. Mwaka jana tuliongeza friji ndogo kwa ajili ya insulini ya mama, na tangu hapo inveta inaanza kulia saa 9 usiku, saa 10 imezima. Nimechoka kuamka usiku kwenda kushika chupa za dawa kuona kama bado zina ubaridi.

Nimenunua paneli mbili mpya za wati 330. Kibandiko cha nyuma kinasema Voc (volti paneli ikiwa haijaungwa na kitu) 46V, Vmp (volti ikiwa kazini) 37.8V, Isc (ampea nyaya zake zikigusanishwa) 9.2A, Imp (ampea ikiwa kazini) 8.7A. Zile za zamani ni Voc 22V, Vmp 18V, Isc 8.9A, Imp 8.3A. Fundi aliyenifungia mwanzo anasema zote nne ziungwe sambamba kwenye kontrola ileile, eti wati ni wati. Kontrola imeandikwa mwisho wa volti za paneli ni 50. Moyo wangu unasita. Nifanyeje?

FundiNyaya
Mkuu, sikiliza huo moyo. Usiunge.

PWM kazi yake ni kuunganisha na kukata njia kati ya paneli na betri. Ikiunganisha, paneli inashushwa hadi volti za betri, tuseme 13. Paneli yako mpya imezaliwa kufanya kazi kwenye volti 37.8. Ikishushwa hadi 13, ampea zake hazipandi kufidia, zinabaki zilezile 9 hivi. Piga hesabu: 9 × 13 ni wati 117. Ile ya zamani ya wati 150 inakupa 8.3 × 13, yaani 108. Umenunua wati 330 na unapata 117. Zilizobaki zinaishia juu ya bati kama joto.

Halafu jumlisha ampea za zote nne: unafika karibu 35 kwenye kontrola ya 20. Ikiwa na bahati itajizima. Isipokuwa nayo, itaungua.

Kivuli_Hapana
Mbona asiziunge mfululizo zote nne, chanya ya moja kwa hasi ya inayofuata? Ampea zingebaki 8 na kitu, kontrola isingelemewa.

FundiNyaya
Ndugu, kwenye mfululizo volti ndizo zinazojumlishwa. 22 + 22 + 46 + 46 ni 136, na kontrola yake mwisho ni 50. Itakufa sekunde ileile. Ampea zikizidi, kontrola nyingi zinajilinda. Volti zikizidi hakuna ulinzi, na mtengenezaji hakulipi.

Tena Voc ya kwenye kibandiko imepimwa paneli ikiwa na nyuzi joto 25. Asubuhi ya baridi inapanda, takribani asilimia 0.3 kwa kila nyuzi inayoshuka. Kwenye nyuzi 10, ile 46 inasogea hadi 48. Kwa hiyo unapochagua kontrola usiikaribie namba ya mwisho, acha nafasi.

BetriKwanza
Kabla ya kuzungumzia paneli, tuiulize betri. Watu wengi wanaongeza paneli kumbe betri ndiyo imekufa, na betri iliyokufa haijazwi na jua la aina yoyote. Mkuu, pima kwa mita jua likishazama, kila kitu kikiwa kimezimwa kwa saa moja. Pima tena inveta ikizima alfajiri, nayo uipe muda wa kupumzika. Friji haitaharibu kitu kwa saa moja ukiacha mlango umefungwa.

MwangaWaJioni
Nimepima siku mbili mfululizo. Jioni 12.4. Alfajiri 11.8.

BetriKwanza
Asante, hapo umetuambia mengi. Betri ya gel iliyojaa na kupumzika inatakiwa isome kuanzia 12.7. Wewe jioni uko 12.4, maana yake unaanza usiku ukiwa umeshapungukiwa na karibu theluthi. Alfajiri 11.8 ni tupu kabisa, wakati betri za madini ya risasi, gel ikiwemo, hazitakiwi kushuka chini ya nusu, 12.2 hivi, ikiwa unataka zidumu. Kwa hiyo una matatizo mawili: jua halitoshi, na mwaka mzima wa kulala bila kushiba umeipunguzia betri uwezo. Paneli zitaponya la kwanza. La pili huenda likakufuata.

HesabuZaJua
Tuweke namba. Friji una kipimo chake?

MwangaWaJioni
Niliazima kile kipimo cha kuchomeka kwenye soketi. Friji 800Wh (wati-saa) kwa siku. Televisheni wati 60 kwa saa 5. Taa nane za wati 7 kwa saa 5. Kisambaza intaneti wati 10 usiku na mchana.

HesabuZaJua
Friji 800, televisheni 300, taa 280, intaneti 240. Jumla 1620. Inveta yenyewe inakula, weka wati 10 saa zote, ni 240 nyingine, na ongeza kinachopotea wakati wa kugeuza umeme. Uko kwenye 2000 na kitu kila siku.

Paneli zako za sasa: ampea 16.6 kwa saa 4.5 za jua kamili ni 75Ah, ukizidisha kwa volti 12 ni Wh 900 hivi. Unatumia mara mbili ya unachovuna. Sishangai inveta inalia. Nashangaa inafika saa 9.

FundiNyaya
Sasa nikupe mpango ninaouamini, na hautatupa paneli hata moja.

Angalia vibandiko vyako tena. Zile mbili za wati 150 ukiziunga mfululizo, zinakuwa kama paneli moja ya Vmp 36, Imp 8.3. Mpya zina Vmp 37.8, Imp 8.7. Hizo ni ndugu! Tofauti ya volti haifiki asilimia 5. Kwa hiyo: za zamani mbili mfululizo, hilo ni tawi la kwanza, mpya moja tawi la pili, mpya nyingine tawi la tatu. Matawi matatu yaungwe sambamba. Unapata wati 960, ampea 26 hivi, na Voc ya 48 hivi asubuhi ya baridi.

Kontrola ya PWM iondoke, weka MPPT ya volti 100, ampea 60. MPPT inageuza volti za ziada kuwa ampea za betri, na hapo ndipo wati 330 zinakuwa na maana. Kwenye mipangilio izuie isipitishe zaidi ya ampea 40, kwa sababu betri ya gel ya 200Ah haipendi kuchajiwa zaidi ya asilimia 20 ya ukubwa wake. Chagua gel, au andika volti zilizo kwenye kibandiko cha betri, na zima ile chaji ya kusawazisha. Gel ikichemshwa inatoa hewa ambayo hairudi tena.

Kivuli_Hapana
Akizuia 40 si anapoteza wati mchana?

FundiNyaya
Saa za jua kali, ndiyo, kidogo. Lakini siku ya mawingu paneli zinashuka hadi theluthi au chini ya hapo, na siku hiyo ndiyo friji ya mama inahitaji paneli nyingi. Afadhali paneli zizidi kuliko zipungue.

Sasa usalama, na hapa naomba usiruke kitu. Matawi yakifika matatu, kila moja liwe na fyuzi yake ya DC (umeme wa upande mmoja, kama wa paneli na betri). Tawi moja likipiga shoti, mengine mawili yanasukuma ampea 18 ndani yake, na paneli nyingi zinavumilia 15 tu. Soma nyuma ya paneli, namba ya fyuzi imeandikwa. Brika, ile swichi inayokata umeme ukizidi, iwe ya DC kweli. Brika ya kawaida ya nyumbani inategemea umeme wa AC (ule wa soketi za nyumbani) unaokatika wenyewe mara mia kwa sekunde. DC haikatiki, cheche inaendelea kuwaka ndani mpaka plastiki inayeyuka. Waya mkuu wa kushuka kutoka paa uwe mm² 10 kama umbali unafika mita 12. Kutoka kontrola hadi betri mm² 16, mfupi, na fyuzi ya 60 karibu kabisa na betri.

Siku ya kazi funika paneli kwa blanketi zito. Usichomoe soketi za paneli umeme ukiwa unapita. Kwenye kontrola betri inaunganishwa kwanza, paneli baadaye. Wakati wa kuondoa, paneli kwanza.

MwangaWaJioni
Fundi, Mungu akubariki. Swali moja: upande wa paa zilipo za zamani umejaa. Mpya zitakaa upande mwingine.

FundiNyaya
Hakuna shida. Matawi yaliyo sambamba yanaweza kutazama pande tofauti. Zinazotakiwa kutazama pamoja ni zile mbili za mfululizo, maana moja ikipata kivuli inamvuta mwenzake. Acha pengo la upana wa kiganja kati ya paneli na bati, hewa ipite. Paneli ikichemka inapunguza kazi.

DadaShifa
Nimesoma na nimeguswa. Weka kipimajoto ndani ya friji. Insulini ambayo haijafunguliwa inakaa kati ya nyuzi 2 na 8, na isigusane na ukuta wa barafu, kwa sababu ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka. Chupa anayoitumia sasa, kwa aina nyingi, inaweza kukaa nje takribani wiki nne mahali pasipo na joto kali. Soma karatasi yake. Na jaza nafasi tupu za friji kwa chupa za maji. Zinapoa mchana kwa umeme wa jua, usiku zinashikilia ubaridi na friji haiwaki mara kwa mara.

MwangaWaJioni
Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili. Tumefunga kama FundiNyaya alivyoelekeza, nikiwa na fundi mwingine. Saa 6 mchana kioo cha kontrola kinasoma ampea 38 hadi 40, na kabla ya saa 10 chaji imeshashuka, betri imeshiba. Jioni napima 12.7. Alfajiri 12.0. Inveta haijalia hata usiku mmoja, na kipimajoto hakijavuka 7. Mama analala, nami nalala. Ile 12.0 ndiyo inanisumbua. Niongeze betri ya pili pembeni ya hii?

BetriKwanza
Hongera sana. Lakini usifungie betri mpya pamoja na hii. Ya zamani itaivuta mpya chini kila usiku, na baada ya miezi utakuwa na mbili mbovu. Itumie hiyo mpaka ichoke, weka akiba, kisha nunua mbili mpya za siku moja, au lithiamu moja. Ukienda lithiamu, badilisha mipangilio ya kontrola kabla hujaiunga. Kwa sasa hamisha kisambaza intaneti kwenye DC, au kizime mkilala.

FundiNyaya
Na baada ya mwezi kaza tena skrubu za betri na za kontrola. Shaba ikipata joto na kupoa kila siku inalegea, na ampea 40 kwenye skrubu iliyolegea ni moto. Msalimie mama.