Tupeane uzoefu: raia wa Uganda anaifikiaje Jumuiya ya Afrika Mashariki?

Mwanzisha mada, Kampala
Ndugu zangu, ibara ya 7 ya Mkataba ulioianzisha Jumuiya inamweka mwananchi katikati ya Jumuiya. Lakini wabunge wetu 9 wa Bunge la Afrika Mashariki, lililoko Arusha, hatuwapigii kura sisi. Wanachaguliwa na Bunge letu la taifa, kwa ibara ya 50. Tuandike milango iliyobaki wazi kwa raia, na mahali watu wanapokwama.

Mchangiaji, Mbale
Mlango mkubwa ni Mahakama ya Afrika Mashariki. Ibara ya 30 inamruhusu mkazi yeyote kushtaki sheria, agizo au kitendo cha serikali kinachokiuka Mkataba, bila kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Muda ni miezi 2 tu tangu jambo litendeke, au tangu ulipolijua. Wengi hujitetea kwamba uonevu bado unaendelea. Kitengo cha Rufaa cha Mahakama hiyo kilishaikataa hoja hiyo. Kosa jingine ni kudai haki za binadamu peke yake, maana mamlaka hayo Mahakama haijapewa rasmi. Jenga madai juu ya ibara ya 6(d) na 7(2), utawala wa sheria na demokrasia. Ndivyo James Katabazi na wenzake 21 walivyoishinda serikali yetu Novemba 2007, baada ya watu wenye silaha kuzingira Mahakama Kuu na kuwakamata tena waliokwisha pewa dhamana. Hati zinapokelewa Kampala, kwenye ofisi ndogo ya msajili. Usiingie gharama ya kwenda Arusha kwa ajili ya kufungua kesi.

Mchangiaji, Jinja
Naongezea kwa ndugu wa Mbale, maana huo muda wa miezi 2 una historia inayouma. Novemba 2006 Mahakama ilizuia wabunge 9 wa Kenya wasiapishwe kuingia Bunge la Afrika Mashariki, kwa kuwa majina yalitoka kwenye vyama bila Bunge lao kupiga kura. Mwezi uliofuata marais wa Jumuiya waliubadilisha Mkataba haraka haraka: wakaweka kikomo hicho cha muda na kuongeza sababu za kuwaondoa majaji. Chama cha mawakili cha kanda kikashtaki. Mahakama ikakubali kwamba kutowashirikisha wananchi kulikiuka Mkataba, lakini mabadiliko haikuyafuta. Kwa hiyo hata ukishinda, usitegemee kwamba kilichofanywa kitatenguliwa. Omba waziwazi, ndani ya hati yenyewe, amri unayoitaka.

Mchangiaji, Busia
Wa mpakani tuna mlango wetu. Mzigo usiozidi dola 2,000, wenye asili ya Jumuiya na uliomo kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, unapita kwa cheti rahisi cha asili kinachogongwa muhuri palepale forodhani. Hauhitaji wakala. Mama zetu hukwama kwa kudhani cheti kinamaliza yote, kumbe kinaondoa ushuru wa forodha tu. Ukaguzi wa mimea na wa ubora uko palepale. Machi 2021 barua moja ya mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Katazo lilipoondolewa, sharti likawa hati ya vipimo vya sumu hiyo visivyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Hakuna mkulima aliyeulizwa. Pima kabla ya kupakia, si ukiwa foleni.

Mchangiaji, Mbarara
Muswada nao usiuache ukishapita Arusha. Kwa ibara ya 63 unahitaji saini ya kila rais, na rais mmoja akikataa mara ya pili unakufa. Wabaneni wabunge wetu 9 wakati huo.