Treni ya mvuke Bluebell Railway, tupange vipi siku yetu?

Wadau habari zenu, tuko marafiki sita hapa London, jumamosi tunataka twende Sussex tukapande treni ya mvuke ya Bluebell, je tuanzie stesheni gani na siku moja inatosha kweli?

Jibu: Inatosha kabisa ndugu. Chukueni treni ya kawaida stesheni ya Victoria hapo London mpaka East Grinstead, kama saa moja hivi, mkishuka tu stesheni ya Bluebell iko hapohapo. Reli ni maili 11 mpaka Sheffield Park ila msikimbilie mwisho, shukeni Horsted Keynes maana wameipamba kama miaka ya 1930, sisi tulikaa pale na chapati na chai ya chupa tukaacha treni ipite tusubiri nyingine, raha sana aisee.

Jibu: Naongezea, Sheffield Park msikose kuona injini. Wengi pale ni watu wa kujitolea, kazi imeanza tangu 1960, ukiuliza wanakueleza kila kitu kwa moyo. Halafu kwenye handaki fungeni madirisha, moshi wa makaa unaingia wote ndani!

Asanteni jamani, chapati tunabeba.