Re: Kubadili boila kuukuu kwa ruzuku ya serikali (England na Wales)

Dada yetu wa Leicester aliuliza: "Boila yetu ya gesi imechakaa na fundi anasema haifai kutengenezwa tena. Je, ni kweli kwamba serikali hulipia boila mpya?"

Dada yangu, salaam kwako na kwa wanajumuiya wote.

Ruzuku ipo, ila si ya kununulia boila nyingine ya gesi. Mpango wa Boiler Upgrade Scheme, ulioanza mwaka 2022, humsaidia mwenye nyumba anayeachana na gesi, mafuta au hita za umeme na kufunga pampu ya joto, yaani mtambo unaovuta joto kutoka kwenye hewa ya nje au ardhini na kulipeleka kwenye maji ya redieta. Oktoba 2023 ruzuku ya pampu hizo ilipandishwa hadi pauni 7,500, na haiangalii kipato cha familia. Nyumba za halmashauri hazimo, na Scotland wana utaratibu wao.

Ninalowasihi mlishike ni hili: fedha hizi haziombwi na mwenye nyumba. Fundi mwenye cheti cha MCS (mpango unaothibitisha ubora wa mafundi na mitambo ya aina hii) ndiye anayeziomba kwa Ofgem, mdhibiti wa serikali wa gesi na umeme, kisha Ofgem humwandikia mwenye nyumba athibitishe kwamba amempa fundi huyo idhini, na vocha ikishatolewa, kiasi hicho hupunguzwa kwenye bei ya kazi. Kwa hiyo anayekuja kubisha hodi akidai malipo ya kushughulikia fomu asipewe hata senti. Wazee wetu wanaoishi peke yao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Tafadhali waelezeni mapema.

Usitie saini kabla nyumba haijapimwa. Fundi makini huingia chumba kwa chumba akipima kuta, madirisha na redieta, kwa sababu pampu huzungusha maji yasiyo moto sana kama ya boila, aghalabu nyuzi 45 hadi 50, na redieta ndogo iliyotosha zamani huenda isiweze kupasha chumba mwezi wa Januari. Anayekupa bei kwa simu, achana naye. Uliza pia tangi la maji ya moto litawekwa wapi, maana nyumba nyingi zenye boila ya kombi, ile inayopasha maji papo hapo bila tangi, hazikuachiwa nafasi hiyo.

Kuhusu bili, yuniti ya umeme huku ni ghali mara kadhaa kuliko ya gesi, ingawa pampu iliyofungwa vizuri hutoa takribani yuniti tatu za joto kwa kila yuniti ya umeme. Anayetoka kwenye hita za umeme ndiye atakayeona nafuu kubwa. Wewe unayetoka kwenye gesi usitarajie mengi. Na ukibakiza jiko la gesi kwa ajili ya pilau, utaendelea kutozwa ada ya gesi ya kila siku hata siku usizopika. Mimi ningeiondoa gesi yote kwa mara moja.

Ukipata makadirio ya mafundi wawili watatu, yatume hapa bila anwani yako, tuyapitie pamoja.