Mrejesho: betri ya Nikon D80 imepatikana

Wakuu, niliuliza nitapata wapi mtandaoni betri ya Nikon D80 yangu, kamera ya 2006, kwa kuwa ya zamani ilikuwa inakata moto baada ya picha chache tu. Nimepata, na inapiga kazi.

Aliyenishauri nitafute kwa namba ya betri badala ya jina la kamera, ubarikiwe. Namba yenyewe ni EN-EL3e, na hiyo "e" ya mwisho ndiyo mchezo wote. Kuna EN-EL3 tupu, ya kamera nyingine za Nikon akina D70: umbo karibu lile lile, volti 7.4 vilevile, lakini D80 haiitaki. Wauzaji wengi wanazichanganya kwenye tangazo moja, kwa hiyo kuza picha uangalie vile vibati vya kupitisha umeme: EN-EL3e ina vitatu, ile nyingine viwili.

Orijino niliziacha. Betri ya lithiamu huzeeka hata ikiwa kwenye boksi, na "mpya" iliyolala stoo miaka kumi mimi siitaki. Nikachukua ya kampuni nyingine iliyoandikwa mAh 1500 (kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), sawa na orijino. Zinazojitapa mAh 2800 kwa umbo lile lile, mimi siziamini.

Chaja ya zamani imeikubali. Kwenye menyu ya kamera kuna sehemu ya taarifa za betri, inaonyesha uchakavu kuanzia 0 hadi 4. Yangu inasoma 0, yaani bado mpya.

Ile mbovu nimeiziba vibati kwa selotepu, inasubiri kupelekwa wanakokusanya betri chakavu.