Stendi za nota na taa zake kwa bendi inayosafiri: tuchague zipi?

Besi wa Gungu (Kigoma)

Habari za kazi, ndugu zangu wanamuziki. Sisi ni bendi ya watu wanane hapa Kigoma, na sehemu kubwa ya kazi zetu ni harusi na hafla za bustanini kandokando ya ziwa, ingawa huitwa pia Kasulu na Uvinza, na mara nyingine tunapanda treni hadi Tabora. Nyimbo za zamani za Tabora Jazz na Kiko Kids tunazipiga kwa kichwa, lakini wenye harusi siku hizi hutuletea nyimbo wanazozitaka siku chache tu kabla ya shughuli, kwa hiyo wapulizaji wetu wa saksafoni na tarumbeta hawana budi kusoma nota, na mwimbaji huhitaji maneno mbele yake.

Tunataka kununua stendi tano na taa zake. Zile nyepesi za waya zinazouzwa madukani huangushwa na upepo wa ziwa, na zile nzito za kibao sijui tutazipakia vipi kwenye bajaji pamoja na spika. Taa nazo zinanitatiza, maana nimeona nyingi ambazo huanza usiku ziking'aa na kufifia kabla ya keki kukatwa. Naomba ushauri wa mtu aliyekwisha kuvitumia vitu hivi nje, usiku, kwenye upepo.

Nota wa Isevya (Tabora)

Shikamoo kaka, kama umenizidi umri, na karibu. Nitajibu upande wa stendi, kwa sababu huo ndio ninaoufahamu vizuri.

Sokoni kuna aina tatu zinazostahili kuzungumziwa. Ya kwanza ni ya waya inayokunjika yote, yenye uzito wa kilo moja hivi na urefu wa takriban sentimita 50 ikikunjwa. Ya pili ni ile ya okestra yenye kibao kipana kisichokunjika, kama zile za Manhasset zinazotengenezwa Marekani, ambazo huzidi kilo tatu na hupanda na kushuka kwa mkono mmoja bila skrubu. Ya tatu iko katikati: kibao chake kina matundu na huchomoka, nguzo huingia ndani ya nguzo, na miguu mitatu hujikunja. König & Meyer wa Ujerumani na Hercules wanazo za namna hiyo, na zipo pia za majina yasiyojulikana zilizoundwa kwa mtindo huohuo.

Kwa kazi yako mimi ningechukua hiyo ya tatu bila kusita, nami nakushauri uikague kuanzia chini kwenda juu. Watu wengi hutazama kibao kwanza kwa sababu ndicho kinachoonekana, ilhali kinachoamua kama stendi itasimama hadi mwisho wa shughuli ni upana wa miguu na mahali uzito ulipo. Fungua miguu yote, pandisha nguzo hadi kimo cha mpulizaji aliyesimama, kisha sukuma ukingo wa juu wa kibao kwa kidole kimoja. Stendi ikiinua mguu kwa msukumo mdogo hivyo, iache dukani. Baada ya hapo weka kitabu kizito juu yake na usubiri kidogo uone kama kibao kinainama chenyewe, kwa sababu bawaba ya plastiki iliyolegea haikaziki tena. Tafuta ile ambayo sehemu ya kukazia ni ya chuma, na ambayo nati ikipotea utaweza kupata nyingine kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi.

Kuhusu upepo, kumbuka kwamba kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu yake juu ya kibao huongezeka mara nne. Ndiyo maana matundu ni bora kuliko kibao kizima, na ndiyo maana mpangilio uliotulia saa kumi na mbili unaweza kuanguka saa mbili. Kwenu Kigoma, hasa kati ya Mei na Septemba unapovuma upepo wa kusini-mashariki, msisimame kamwe bila uzito wa ziada. Shona mfuko wa turubai wa kuingia kilo mbili za mchanga na uuning'inize chini kabisa kwenye nguzo, pale miguu inapokutana, usiuweke juu karibu na kibao. Mfuko husafiri mtupu, mchanga mnaukuta hukohuko ziwani.

Kama pesa haitoshi, fundi wa kuchomelea anaweza kuwaundia nguzo na miguu kwa mabomba mawili yanayoingiana, yenye bolti ya masikio ya kukazia kwa vidole. Nimeziona zikidumu miaka mingi. Hapa Tabora mtu anaweza pia kukushawishi utengeneze ya mninga, na kwa uzuri hakuna inayoishinda, lakini hiyo ni ya kwaya inayokaa kanisani, si ya bendi inayopanda treni.

Fundi Taa wa Ujiji

Nashukuru maelezo ya ndugu wa Isevya. Mimi naongeza upande wa taa.

Sisi tunaoishi hapa tunajua jinsi wavuvi wanavyovuta dagaa usiku wa giza kwa karabai, na sasa kwa taa za LED. Taa ya stendi nayo huvuta, isipokuwa huvuta wadudu, na mpulizaji hawezi kuvuta pumzi kwa utulivu huku wadudu wakizunguka mdomo wake. Mwanga mweupe unaoelekea ubuluu huwaita zaidi kuliko mwanga wa manjano. Kwa hiyo soma kwenye boksi na uchague taa yenye kati ya Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2,700 na 3,000, achana na zile za 6,000. Manjano hiyo pia haiumizi macho mtu anapoinua kichwa kutoka kwenye karatasi kuwatazama wenzake gizani.

Umbo lake ni muhimu vilevile. Taa fupi yenye kichwa kimoja huangaza katikati ya ukurasa na kuacha pembe gizani. Karatasi mbili za A4 zikikaa pamoja zina upana wa sentimita 42, hivyo tafuta taa yenye LED kadhaa zilizopangwa kwa mstari, au yenye vichwa viwili, na iwe na ukingo wa kuzuia mwanga usiwachome wageni machoni. Jaribu pia kibanio chake kwenye kibao chenyewe, kwa sababu vingine hutengenezwa kwa ajili ya vitabu na havishiki chuma.

Sasa kuhusu kufifia. Nyingi za taa ndogo hutumia betri tatu za AAA, na hizo hupungua nguvu polepole tangu dakika ya kwanza. Taa ya kuchajiwa kwa USB yenye kudhibiti mwanga vizuri hubaki vilevile hadi chaji inapokaribia kuisha. Unaweza pia kuiunganisha na pawa benki. Pawa benki ya mAh 10,000 ina takriban wati-saa 37, na ukiondoa kinachopotea njiani unabaki na kama 30, kwa hiyo taa ya wati 2 itawaka saa 15 hivi. Angalizo moja: pawa benki nyingi hujizima zinapoona umeme unaotumika ni mdogo mno, basi ijaribu na taa yako nyumbani kwa saa nzima kabla ya kuiamini kwenye kazi. Umeme wa ukutani siushauri hata ukiwepo. Ukikatika mnabaki gizani pamoja na wageni, na adapta duni huweza kuingiza mvumo kwenye spika.

Besi wa Gungu (Kigoma)

Asanteni sana, mmenifungua macho. Nina maswali mawili yaliyobaki. Mpiga video mmoja alilalamika kwamba taa zetu zinatoa mistari kwenye picha zake. Hilo linatokana na nini? Na je, tableti haiwezi kutuondolea karatasi na taa kwa pamoja?

Fundi Taa wa Ujiji

Mistari hiyo hutokea kwa sababu taa nyingi za LED hupunguzwa mwanga kwa kuwashwa na kuzimwa haraka sana, haraka ambayo jicho halioni lakini kamera huiona. Ielekeze kamera ya simu kwenye taa iliyopunguzwa mwanga ukiwa bado dukani. Kama mistari inatembea kwenye kioo, chukua nyingine. Kama mmeshanunua, iwasheni kwa mwanga wote na muipandishe mbali kidogo na karatasi.

Mwalimu wa Kwaya, Kasulu

Naomba nijibu hilo la tableti, maana kwayani kwetu tunatumia vyote viwili. Kwa mwimbaji anayesoma maneno inafaa sana, mradi mwanga wake upunguzwe na arifa zisizohitajika zizimwe. Kwa wapulizaji mimi bado napendelea karatasi, kwa kuwa kioo cha inchi 10 ni kidogo kuliko A4, na hafla za mchana juani kioo hakisomeki. Tena tableti hudai stendi imara zaidi, kwa sababu ikianguka hasara yake si ya karatasi.

Karatasi zenu msizitie kwenye plastiki inayong'aa, kwani taa itarudi machoni na maandishi yatapotea. Zibandikeni kwenye kadi ngumu nyeusi na mzibane pembeni kwa vibanio vya nguo, viwili juu na viwili chini. Alama zenu ziandikeni kwa penseli laini nyeusi, wala si kwa kalamu nyekundu, kwa maana taa ya jukwaa ikigeuka kuwa nyekundu, wino mwekundu hauonekani kabisa.

Nota wa Isevya (Tabora)

Mwalimu amesema kweli kuhusu wino. La mwisho kutoka kwangu ni la safari: nunueni stendi tano za aina moja, ili nati na bawaba ziweze kuhamishwa kutoka hii kwenda ile, na kila moja iwe na mfuko wake wenye mkanda wa begani, vibao vikiwekwa pamoja kwenye begi moja bapa. Kwenye treni begi hilo hukaa nyuma ya kiti bila kumsumbua mtu. Taa zisiachwe zimebanwa kwenye vibao njiani, kwa sababu shingo zake huvunjika. Zikusanyeni kwenye kopo moja lenye kifuniko pamoja na nyaya zake, na muongeze taa moja ya akiba.