Tochi ya kuzamia usiku: mwale mwembamba, mwanga mpana au ya waya?

Nahodha_Tumbatu
Wakuu, salaam. Natafuta tochi kuu ya kuzamia usiku kwenye miamba ya Nungwi na Mnemba. Kina ni mita 12 hadi 18, dakika 45 mpaka 50 chini ya maji. Zimebaki tatu za kuchagua:

1. Ya mkononi, betri moja ya lithiamu ya saizi 21700, lumeni 1,000 (kipimo cha wingi wa mwanga), mwale wenye upana wa nyuzi 8.
2. Taa ya video, lumeni 5,000, nyuzi 120, betri moja ya lithiamu ya saizi 18650. Muuzaji anasema inakaa saa mbili.
3. Ya waya: kichwa kinavaliwa kiganjani, betri iko kwenye kanista kiunoni.

Kamera sina. Nichukue ipi, na kwa sababu gani?

Fundi_Betri
Mkuu, ya pili ifute hata kabla hatujaongelea mwanga, hesabu yake haisimami. 18650 nzuri ina kama mAh 3,400 (kiasi cha chaji) kwa volti 3.6, yaani wati-saa 12. LED ya tochi, ukishatoa hasara ya lenzi na saketi, ikadirie lumeni 100 kwa kila wati. Lumeni 5,000 ni wati 50. Gawa 12 kwa 50 upate chini ya robo saa. Ili ikae saa mbili, inabidi itumie wati 6 tu, na hizo ni lumeni 600. Ama lumeni si za kweli, ama saa si za kweli. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba inawaka kwa nguvu dakika chache, kisha saketi inashusha mwanga ili isiungue, na wewe bado uko mita 15.

Ifanyie hesabu hiyohiyo ya kwanza: 21700 ya mAh 5,000 ni wati-saa 18, lumeni 1,000 zinakula wati 10. Kwa uhakika unapata saa moja na nusu. Mzamio mmoja unatosha na akiba inabaki. Wa pili chaji kwanza.

Betri nazo ziangalie. 18650 iliyoandikwa mAh 9,900 ni feki, hakuna inayofika huko. Ipime kwenye mzani wa jikoni: halisi ina gramu 45 hadi 50, feki nyingi ni nyepesi kabisa. Pia kuna zenye saketi ya ulinzi, ambazo badala ya milimita 65 zinafika 68 hadi 70. Tochi iliyotengenezewa fupi ukiitia ndefu, kifuniko hakifiki mwisho na ringi, ule mpira wa duara unaozuia maji, haikai mahali pake. Hapo maji yataingia.

bintiMkoani
Naongezea upande wa upana, maana wengi wanadhani mwanga mpana ndio unaoona zaidi. Kwenye maji yenye chembe ni kinyume chake. Mwanga wa nyuzi 120 unaangaza kila chembe iliyo kati yako na mwamba, na zote zinakurudishia mwanga machoni, kama gari linalowasha taa kubwa kwenye ukungu wa Limuru. Mwale mwembamba unaangaza chembe chache tu, ndiyo maana unafika mbali. Wakati wa kaskazi maji yakiwa maangavu tofauti si kubwa. Masika, mvua ikishachafua maji, utaiona tangu dakika ya kwanza.

La pili ni ishara. Usiku tochi ndiyo mdomo wako. Duara la polepole kwenye mchanga maana yake "niko sawa". Kupeleka mwale kushoto na kulia kwa haraka maana yake "nitazame, kuna shida". Mwenzako anaziona iwapo mwale una kitovu kinachojulikana. Kwa taa ya video pote panakuwa peupe, duara lako halionekani.

Ila nyuzi 8 kwa kitu kilicho nusu mita mbele yako ni kali mno. Kitovu kinaunguza rangi, na pono aliyelala ndani ya kifuko chake cha utelezi atashtuka na kujigonga kwenye matumbawe. Tafuta yenye ngazi ya chini ya lumeni 200 hadi 300, na ukimkaribia mnyama mwangazie kwa pembeni ya mwale. Samaki simba naye hufuata mwanga kuwinda, basi kabla ya kusogeza mkono angalia aliye chini yake, miba yake ina sumu.

Mzamia_Maskati
Ya waya ni kifaa kizuri kwa kazi yake: mapango, meli zilizozama, mizamio mirefu. Betri ni kubwa, mwanga haushuki, na kiganja kinabaki huru. Kwa dakika 50 kwenye mwamba wa mita 18 ni mzigo tu. Waya unanasa, kanista inabadilisha uzito wa mkanda, na pale waya unapoingia pana muhuri mwingine wa kuutunza.

Ukisafiri kwa ndege, betri za lithiamu zikae kwenye mkoba wa ndani, siyo sanduku la chini. Kikomo cha kawaida bila kibali ni wati-saa 100 kwa betri. Zitoe kwenye tochi na zibe ncha kwa utepe.

Nahodha_Tumbatu
Nimewaelewa, ya kwanza basi. Inauzwa kwa aina mbili za swichi, ya kuzungusha kichwa na ya pete ya sumaku. Na je, tochi kuu ikiwa nzuri, ya akiba ni lazima?

Fundi_Betri
Sumaku, mkuu. Hakuna tundu la swichi kwenye mwili wa tochi la kupitisha maji. Kasoro zake ni mbili: mchanga unaingia chini ya pete na kuikwamisha, kwa hiyo loweka kwenye maji yasiyo na chumvi huku ukiizungusha, na sumaku inavuta dira. Dira ikae mkono wa pili, la sivyo utarudi ufukwe usio wako.

Ya kuzungusha kichwa inategemea ulegezaji. Ukiilegeza kidogo tu, kwenye mita 10 shinikizo limeshakuwa mara mbili ya juu, linasukuma kichwa ndani na tochi inajiwasha. Ukiilegeza kupita kiasi, ringi inatoka kwenye mfereji wake.

Ya akiba ni lazima. Iwe ndogo, ya betri tatu za AA za kuchaji, ili kosa moja la chaji lisiziue zote mbili. AA za alkalini zikiachwa ndani huvuja na kula shaba za mgusano. Ifunge kwa klipu kwenye pete ya kifuani, usiitie mfukoni. Kuu ikizimika: washa ya akiba, mwonyeshe mwenzako, mpande. Mzamio umeisha. Na taa ndogo ya alama ikae kwenye vali ya mtungi.

bintiMkoani
Ringi isiachwe nje ya mazungumzo, maana tochi nyingi zinafia hapo. Itoe kwa kuiminya kwa vidole viwili mpaka inyanyuke, au kwa kona ya kadi ya plastiki, kamwe siyo sindano. Ipitishe taratibu kati ya ncha za vidole ukiwa umefumba macho. Punje moja ya mchanga utaihisi. Futa mfereji kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Grisi ya ukubwa wa punje ya mchele inatosha ringi mbili. Ing'ae, isionekane nyeupe. Unywele mmoja ukilala juu yake ni mfereji wa maji.

Betri ibadilishie chumba kikavu, siyo ufukweni jioni. Unyevu ukifungiwa ndani, kioo kitaingia ukungu tochi ikishapoa majini. Na tochi mpya ishuke mchana kwanza ikiwa tupu, na karatasi ya tishu ndani. Tishu ikitoka kavu, tia betri.

Mzamia_Maskati
Ikiingia maji na betri imo, usiichaji wala usiifungulie usoni. Chumvi na lithiamu hutoa gesi, inaweza kurusha kifuniko. Ielekeze pasipo na mtu, fungua taratibu, betri ikae nje mbali na vitu vinavyoungua.

Nahodha_Tumbatu
Swali la mwisho: imekuja na ringi nyekundu na kopo la grisi ya silikoni. Ni sawa?

bintiMkoani
Soma karatasi yake kwanza, ndugu yangu. Ringi ya naitraili, aina ya mpira, haina tatizo na grisi hiyo. Ikiwa ringi yenyewe ni ya silikoni, grisi ya silikoni inaivimbisha na inatoka kwenye mfereji. Rangi si ushahidi. Karatasi isiposema, nunua ringi za naitraili za kipimo hichohicho, kipenyo cha ndani na unene, na uweke mbili za akiba kwenye kisanduku.