Mtu maarufu anataka kuwa mlezi wa tawi letu la mashabiki. Ni shabiki wa kweli au anatafuta jina?

KatibuWaTawi
Wanajukwaa, habari za jioni. Naombeni ushauri, na tafadhali tusitaje majina ya watu.

Mimi ni katibu wa tawi la mashabiki wa timu moja ya ligi kuu ya hapa Kenya. Tawi letu liko Eastlands, watu wa kawaida tu: mafundi, mama mboga, makanga, walimu. Tunachanga kwa M-Pesa kila mwezi, tunakodi matatu timu ikicheza mbali, na mwenzetu akifiwa tunamzika. Sasa kuna msanii, jina kubwa, ukiwasha redio asubuhi humkosi. Tangu msimu uliopita amekuwa akija uwanja wa Nyayo na kukaa nasi upande wa Russia, jukwaa la mashabiki wa kawaida, si kule kwa waheshimiwa. Ameomba awe mlezi wa tawi. Ameahidi jezi, ngoma mpya na usafiri wa kwenda Kisumu.

Wanachama wamegawanyika. Wazee wanasema huyu kaja juzi, vijana wanasema wazee wana wivu. Mkutano ni Jumapili na mimi ndiye wa kuandika pendekezo. Usingizi sipati. Mtu maarufu akisema anaipenda timu, utajuaje kama anaipenda kweli?

KondaWaRongai
Jezi, ngoma na gari mpaka Kisumu, na bado unauliza? Piteni naye. Gari ninayofanyia kazi imechorwa mchezaji wa Arsenal ubavu mmoja na wa Man U ubavu wa pili, na mwenye gari hajawahi kuketi dakika tisini akatazama mpira. Abiria wanapanda na hesabu inatimia.

MzeeWaCityStadium
Ndugu katibu, mimi nilikuwa Kasarani tarehe 5 Desemba 1987, Gor Mahia ilipotoka sare ya 1-1 na Espérance ya Tunis. Kule Tunis ilikuwa 2-2, kwa hiyo kombe la washindi barani Afrika likabaki Nairobi kwa magoli ya ugenini. Nilifika asubuhi na mapema, na hata hivyo nilipata pa kusimama kwa taabu. Jukwaani niliona watu wenye suti ambao City Stadium hawakuwa wanakanyaga, na kila mmoja alikuwa akishangilia kana kwamba ndiye aliyemfundisha kipa. Ligi iliporudi, tulibaki sisi kwa sisi.

Wala sisemi hawakufurahi. Walifurahi sana, niliwaona. Lakini Jumatano moja ya mvua mkicheza na timu ya mkiani, angalia nani amelipa langoni. Hapo ndipo pa kumpimia msanii wako.

WakiliWaJioni
Mpeni mtihani. Nani alikuwa nahodha, nani alifunga, lini. Mwongo hujikwaa mwenyewe. David Cameron alijitangaza kwa miaka kuwa shabiki wa Aston Villa, na hata ana ukoo na mtu aliyewahi kuwa mwenyekiti wa klabu hiyo. Mwaka 2015, katikati ya kampeni, akasimama mbele ya watu akawataka waishabikie West Ham. Waziri mkuu mzima! Timu unayoipenda huwezi kuipotezea jina mdomoni.

MwalimuKayole
Wakili, mtihani wako utawafelisha mashabiki wa kweli. Mama yangu hawezi kukutajia wachezaji watatu wa AFC Leopards wa leo, lakini hiyo Ingwe yake ikifungwa, jikoni kwake hakuna atakayezungumza mpaka kesho yake. Utamnyima kadi?

Mfano ninaoushika mimi ni Elton John. Alianza kwenda Watford akiwa mtoto, akipelekwa na baba yake. Alipokuwa mwenyekiti mwaka 1976, timu ilikuwa daraja la nne. Angeweza kununua jina lolote London. Badala yake akamleta kocha Graham Taylor mwaka 1977, na kufikia 1982 walikuwa daraja la kwanza. Msimu uliofuata wakamaliza wa pili nyuma ya Liverpool. Mwaka 1984 wakafika fainali ya Kombe la FA, na kamera zikamnasa akilia kabla hata mpira haujaanza. Everton wakawafunga 2-0. Huyo hakuna wa kumwuliza tarehe.

MamaWaStraika
Nyinyi mnajadili msanii kukaa Russia, mimi nina binti anacheza mpira. Wanafanya mazoezi kwenye kiwanja cha vumbi, mabegi ndiyo milingoti ya goli. Wasichana wetu wa Junior Starlets walipofuzu Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 la mwaka 2024, timu ya kwanza ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA, ghafla kila mtu mwenye jina alikuwa na picha nao. Kabla ya hapo mlimwona nani? Binti yangu aliniuliza hao watu walikuwa wapi nikakosa jibu. Dada au kaka katibu, mwambie msanii wako aje atununulie nyavu kwanza. Mapenzi yake kwa mpira tutayaonea huko.

KatibuWaTawi
Asanteni nyote. Mimi ni dada. Mzee, mechi za mvua amekuja, si zote, lakini amekuja. Wakili, mtihani ameshafanyiwa na vijana wetu na akapita vizuri, magoli na tarehe zote. Mama, hilo la nyavu nimeliandika.

Ninachowaomba tu, msimhukumu kwa sababu ana pesa.

FundiSimuLuthuli
Alipita vizuri? Mtu aliyeanza kuja msimu uliopita anajua magoli ya zamani na tarehe? Dada, samahani kwa kuuliza hadharani. Unatoka naye?

KatibuWaTawi
Sitoki naye. Nina mume, naye ni mwanachama wa tawi.

FundiSimuLuthuli
Basi kuna kitu unapata. Mtu asiyepata kitu hakosi usingizi kwa sababu ya mlezi.

MamaWaStraika
Mwacheni dada wa watu. Ingawa na mimi nangoja jibu.

KatibuWaTawi
Sawa. Ninamwandikia posti za mechi. Yale maneno mnayoyasoma kwenye ukurasa wake kila timu ikicheza, ya historia, ya wachezaji wa zamani, ya shangwe na uchungu, ni yangu. Ananilipa kwa mwezi. Rafiki yangu anayefanya kazi kwenye matangazo ndiye aliyetuunganisha.

Kabla hamjanirukia. Hotuba za waheshimiwa mnadhani wanaandika wenyewe? Mwimbaji akitungiwa wimbo na mwingine, anakuwa si mwimbaji? Mimi maneno ninayo, yeye sauti anayo. Watoto wengi wa mtaa wameanza kuja uwanjani kwa sababu ya posti hizo, na nimewaona kwa macho yangu wakilipia tiketi. Ligi yetu inahitaji watu, nyote mnajua Jumapili vijana wanajaza vibanda kutazama Uingereza huku Nyayo ina viti vitupu.

Na lingine, bango la kumkaribisha lenye picha yake tayari limechapwa. Fundi alikuwa na nafasi wiki hii tu.

WakiliWaJioni
Kumbe mtihani uliufanya wewe! Majibu ya msanii yalitoka kwa katibu wa tawi linalomtahini.

Dada, haya ni mambo mawili. La mapenzi yake siwezi kuliamua, wala wewe huwezi. Lakini unalipwa na mgombea na wewe ndiye unayeandika pendekezo. Katika chama chochote, hata cha akina mama cha mzunguko, mtu wa namna hiyo hukaa pembeni suala hilo likijadiliwa.

MzeeWaCityStadium
Binti yangu, wanachama wanajua?

KatibuWaTawi
Mwenyekiti anajua. Wanachama hawajaniuliza.

KondaWaRongai
Hawajakuuliza kwa sababu hawajui kuna swali. Mimi nilikuwa upande wako, sasa nimeteremka. Hizo posti mimi nazisoma! Nimewasomea abiria. Ile ya baba aliyembeba mwanawe mabegani kwenda City Stadium ilinifanya nimpigie mzee wangu simu. Ni baba ya nani?

KatibuWaTawi
Ni baba yangu mimi.

MwalimuKayole
Hapo dada ndipo umeniumiza. Posti ya matokeo mwandikie. Tarehe ya mechi mwandikie. Lakini baba yako?

Angalieni Wrexham. Ryan Reynolds na Rob McElhenney waliponunua ile klabu ya Wales, iliyokuwa daraja la tano, hawakutunga utoto wa mabegani. Walijulikana kuwa wageni, wakaeleza mpango wao, na wanachama waliokuwa wakiimiliki klabu wakapiga kura mwaka 2020. Zaidi ya asilimia 98 walikubali. Timu ikapanda daraja 2023, 2024 na 2025, mara tatu mfululizo. Mimi ningempigia kura mgeni anayesema ni mgeni.

KatibuWaTawi
Mwalimu, yeye ndiye aliyeniomba kitu cha moyoni, nami sikuwa na kingine. Na nawaambia hivi kwa sababu nilikuwepo: tulipofungwa goli la dakika za mwisho msimu ule, huyu mtu alilia. Si machozi ya kamera. Alijifunika uso na skafu, akakaa chini watu wakiondoka, na nilipotoa simu nipate cha kuandika akaniambia, "Hii usiandike." Sikuandika. Mtu anayetafuta jina angeacha hiyo ipite?

JichoKavu
Nimesoma uzi huu tangu juu. Ni wa kutungwa.

Hesabuni wenyewe. Anatuambia kazi yake ni kumwandikia msanii maneno ya kugusa moyo. Kisha anatuandikia maneno ya kugusa moyo kuhusu msanii huyo huyo, machozi, skafu, "hii usiandike". Naye ameiandika, mahali penye wasomaji wengi! Pia mwanzoni alisema msanii alikuja akakaa nao, sasa anasema rafiki wa matangazo aliwaunganisha. Kipi kilitangulia? Kesho kutwa mtu "atagundua" jina, msanii atatoa taarifa ya unyenyekevu, na wimbo mpya utafuata. Hii ni kiki, ndugu zangu.

KondaWaRongai
Wueh! Kama ni yule ninayemfikiria, kweli ana wimbo unatoka mwezi huu.

FundiSimuLuthuli
Mimi nadhani ni yule wa kipindi cha asubuhi. Ama yule mchekeshaji aliyevaa jezi harusini.

Msimamizi
Majina yasitajwe. Nimeshafuta maoni kadhaa, nitakayemkuta tena anapumzishwa.

MamaWaStraika
Mimi sijali kama ni hadithi. Mambo haya yapo. Mwaka jana walikuja watu na kamera kwenye kiwanja cha binti yangu, wakagawa mipira, wakapiga picha, na walipoondoka waliondoka na mipira miwili kwa ajili ya "kurudia picha". Nilisimama pale.

MzeeWaCityStadium
Jicho Kavu, unaweza kuwa na haki. Lakini nimekaa na mashabiki tangu ujana wangu, na machozi ya goli la mwisho nayajua. Mwimbaji anaweza kuyapata kama yeyote. Hayati Raila Odinga alikuwa mlezi wa Gor na pia mtu wa Arsenal, na wako waliosema ni siasa tu. Siasa ilikuwamo, nani atakataa? Ila siku timu ilipokosa nauli, watu walijua mlango wa kubisha, na hilo ndilo waliloliweka moyoni. Mtu anaweza kutafuta kura na bado aumie timu ikifungwa. Shida yangu haiko kwa msanii. Iko kwa baba yako, binti yangu, kutembea mjini kwa jina la mtu mwingine huku wanachama wenzako wakipiga kura kwa ajili yake.

JichoKavu
Mzee, kwa heshima, unajibu hadithi. Katibu, weka picha ya bango, ziba uso ukitaka. Basi nitaamini.

KatibuWaTawi
Siweki. Bango lina jina la tawi, na mtaa wetu ni mdogo.

Kilichotangulia ni kazi. Alianza kunilipa, kisha akasema haiwezekani asifiwe kwa mechi ambazo hajaziona, ndipo akaanza kuja. Mkitaka kuita hiyo uongo, iteni. Mimi naona ni mtu aliyeingia kwa mlango wa nyuma akakuta nyumba anaipenda, na wengi wetu tuliingia hivyo hivyo, kwa kufuata kaka au mchumba.

Ila ya Wakili nimeyasikia. Nimezungumza na mwenyekiti leo mchana. Pendekezo litaandikwa na mweka hazina. Ajenda inabaki, na kabla ya kura nitawasomea wanachama nani huandika posti na nalipwa kiasi gani. Msanii nimemweleza, amekasirika, amesema pengine hatakuja. Malipo ya mwezi huu sirudishi, kazi niliifanya.

MwalimuKayole
Na posti ya baba?

KatibuWaTawi
Nimemwambia aifute. Hajajibu.

WakiliWaJioni
Akija Jumapili baada ya kusomwa hayo yote, mbele ya watu wanaojua, mimi ningempa kura. Asipokuja, uzeni bango kwa mwenye kibanda, litaezekea vizuri.

JichoKavu
Jumatatu nitakuwa hapa. Tuletee matokeo ya kura, idadi ya ndiyo na ya hapana.

KatibuWaTawi
Nitaleta.